Nililipwa Kutikisa Kichwa

Mwaka nilioacha chuo nilipata kibarua kwenye hoteli moja ya Pwani: kuvaa shuka na ushanga, kushika mkuki na kusimama mlangoni wageni wakishuka basi. Mimi ni mtu wa Kayole, sijawahi kuchunga hata kuku. Wamaasai halisi tulikuwa nao wawili, na simu zao zilikuwa kali kuliko yangu, lakini zote zilibaki jikoni. Msimamizi alisema zinaharibu picha.

Jioni moja mama mmoja mzungu akaniuliza, polepole kama anaongea na mtoto, kama kwetu tumewahi kuona televisheni. Nikatikisa kichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyolipwa.

Nilimkumbuka juzi nikimaliza bando kwa video za Plimoth Patuxet, makumbusho ya huko Massachusetts, Marekani, yaliyoanzishwa 1947. Kuna kijiji cha walowezi Waingereza, wale waliofika na meli ya Mayflower mwaka 1620. Waigizaji wanapika, wanalima na kuongea kana kwamba bado ni karne ya 17. Waulize kuhusu simu, watakutolea macho tu.

Halafu kuna upande wa Wampanoag, wenyeji wa sehemu hiyo. Wanaokupokea ni wenyeji wenyewe, wa Wampanoag na mataifa mengine ya asili. Wamevaa ngozi za paa, wanachoma gogo kuchonga mtumbwi. Lakini hawaigizi. Ukiuliza swali, anayekujibu ni mtu wa leo, anayesema “sisi” na kumaanisha watu walio hai.

Mwanzoni nilidhani wamenyimwa uigizaji. Kisha nikaelewa. Mlowezi anaweza kujifanya mtu wa kale siku nzima, na hakuna atakayerudi nyumbani akidhani Waingereza waliisha. Mwenyeji akijifanya hivyo, mgeni anaamini.

Na si kwamba mambo yamenyooka. Mji wa Plymouth ulijengwa mahali palipokuwa Patuxet, mji wa Wampanoag uliofagiliwa na maradhi yaliyokuja na Wazungu, kati ya 1616 na 1619. Jina hilo la Patuxet liliingia kwenye jina la makumbusho mwaka 2020 tu. Miaka 73 bango lilitaja upande mmoja. Tangu 1970, siku Wamarekani wanapokula bata mzinga wa Shukrani, wenyeji hukusanyika Plymouth kuomboleza.

Kwa hivyo sisemi kuvaa ngozi au shuka ni aibu. Kama kodi ya nyumba ingenidai tena, pengine ningevaa. Swali ni nani anaamua utaongea kama nani ukishavaa.

Yule mama angerudi leo, ningemjibu: “Televisheni tunayo, mama. Jana usiku niliangalia Man U ikipigwa, na bado sijalala vizuri.”