Hekima Haina Hatimiliki

Wahenga walinena kwamba akili ni mali. Aghalabu sisi wanafunzi huufasiri msemo huu kwa pupa, tukadhani kuwa tunasoma ili tupate mali. Waama, msemo wenyewe hausemi kwamba akili huleta mali. Unasema akili yenyewe ndiyo mali. Tofauti hiyo nimeishuhudia mjini Kitengela nilikolelewa, na katika nyanda za Kajiado zinazouzunguka mji huo.

Kwa mikataba ya 1904 na 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya kaskazini na kuwabana kusini, Kajiado ikiwemo. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 iliwezesha wafugaji kumiliki ranchi kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama aliyesajiliwa akapata shamba lake. Sheria ya 1990 nayo ikaleta eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo katika mji jirani wa Athi River. Watu wakafurika kutafuta vyumba vya kupanga na ploti za kujenga. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao. Thumuni ya ekari iliyo na nyumba yetu ilikuwa malisho ya ng'ombe wa mtu.

Kwa hivyo nimeketi kanisani pamoja na watoto wa waliouza na watoto wa walionunua. Kila mara aliyepata ploti husimama kutoa ushuhuda, nao waumini humpigia makofi. Si vibaya kumshukuru Mungu kwa makao. Hata hivyo, sijapata kumsikia mtu akisimama kushuhudia kwamba Mungu amempa nguvu ya kukataa fedha.

Yupo aliyekataa bila kusimama. Ni mzee mmoja wa kanisa letu. Ukame wa 2009 ulipowaangamiza ng'ombe wake wengi, madalali walibisha mlangoni pake karibu kila wiki, nao wanawe wakamsihi akubali. Hakuwa mtu wa kuiabudu ardhi. Miaka ya nyuma aliuza ekari chache ili bintiye asomee ualimu. Nilipomuuliza mbona aliuza wakati ule na sasa anakataa, alinieleza kuwa mara ya kwanza alijua ananunua nini kwa kile alichouza. Safari hii angenunua miezi michache ya shibe, kisha wajukuu wangeishi kama wapangaji walikozaliwa.

Mzee huyo ndiye aliyenifunza neno la Kimaasai, osotua. Maana yake ya asili ni kitovu, ule ukanda unaomuunganisha mama na mtoto. Ni amani pia, na ni uhusiano wa watu wanaosaidiana: mwenye haja huomba kadiri ya haja yake, mwenye nacho hutoa kadiri ya uwezo wake, wala hapana anayeandika deni. Biblia ya Kimaasai hutumia neno hilo hilo kwa maana ya Agano. Tafakari, msomaji mpendwa. Ikiwa agano letu na Mungu ni kitovu, je, baraka yaweza kupimwa kwa urefu wa ukuta na ukubwa wa kufuli?

Wahubiri wengi hupenda kumtaja Sulemani, kwa kuwa aliomba hekima akaongezewa na mali. Ni wachache wanaomtaja Nabothi. Mfalme Ahabu alimwahidi shamba bora zaidi la mizabibu, au fedha taslimu, naye akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Kukataa huko kukamgharimu uhai. Hekima, basi, si njia ya mkato ya kuufikia utajiri. Ukiitafuta kwa ajili ya faida, bado unaitafuta faida.

Simaanishi kwamba ufukara ni utakatifu. Mama anayeuza kipande cha ardhi ili mtoto wake atibiwe hastahili kulaumiwa na yeyote. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe halimwambii mtu kipi kisichouzika. Fedha hujibu swali la bei tu. Swali la thamani linahitaji moyo uliofunzwa kwa sala, kwa Neno na kwa ushauri wa wazee.

Wengi wetu tutahitimu, tupate ajira, tununue ploti Kitengela au kwingineko. Tununue kwa haki, tukikumbuka kuwa anayetuuzia ana wajukuu. Ardhi mzazi huirithisha kwa karatasi na muhuri. Hekima haina hatimiliki. Kila kizazi hakina budi kuiomba upya.