Kamba ya tiara ikichakaa, mzazi aulize nini?

Upepo wa kusi ukishika, ufukwe wa Paje, mashariki mwa Unguja, hujaa tiara kubwa za rangi mbalimbali zinazowavuta watu juu ya maji. Wengi ni wageni, lakini wamo pia vijana wa kijijini wanaofundisha mchezo huo na kupata riziki. Vifaa vipya ni ghali na hutoka nje, hivyo vijana wengi hutumia vilivyokwishatumika. Vikichakaa, huvitengeneza wenyewe.

Ndivyo alivyofanya kijana mmoja wa miaka 19. Mama yake, mkulima wa mwani, alimkuta barazani akifunga fundo kwenye kamba iliyolika. Mama huyo hajawahi kupanda tiara, lakini kamba anazijua. Kwa miaka mingi amefunga mwani kwa taitai na kukaza kamba kwenye vigingi baharini.

“Hilo fundo litakaa?” aliuliza.

“Litakaa, Mama. Kamba hizi nyembamba kama tambi, lakini ngumu.”

“Hata iwe ngumu, mwanangu, kamba hukatikia penye fundo.”

Mama alisema kweli. Tiara nyingi za aina hiyo huongozwa kwa fimbo yenye kamba nne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 20 hivi au zaidi. Kamba hizo hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, lakini zinateleza. Fundo la kawaida huweza kufyatuka, na hata likishika, hupunguza nguvu ya kamba kwa karibu nusu. Kuunga kwa moto wa kiberiti ni hatari zaidi, kwani nyuzi hizo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi.

Kamba moja ikikatika hewani, tiara huweza kuzunguka na kumvuta mtu kwa nguvu asiyoweza kuizuia. Pale Paje, maji yakipwa, chini ni mchanga na mawe. Anayeanguka huweza kuvunjika mkono au kuumia kichwa. Kamba iliyokazika nayo hukata ngozi kama kisu.

Si kila tengenezo la nyumbani ni baya. Sponji ya kushikia kwenye fimbo ikichanika, inaweza kuondolewa na kufungwa nyingine. Kamba zikipishana urefu, zinaweza kusawazishwa. Siku ile mama na mwanawe walizifunga ncha zote nne kwenye mnazi mmoja, kijana akaishika fimbo na kuvuta. Za katikati zilikuwa zimelegea, za pembeni zimekaza. Hilo ni jambo la kawaida: za katikati hubeba uzito mwingi, hivyo hurefuka. Tiara yenye kamba za namna hiyo hurudi nyuma na kuanguka. Kijana alisogeza mafundo madogo yaliyowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo, mpaka zote nne zikalingana.

Ile iliyolika ilikuwa habari nyingine. Ilibidi ibadilishwe nzima. Vivyo hivyo kamba nene inayopita kwenye tundu la katikati ya fimbo: hapo mchanga na chumvi husugua kila siku. Ganda lake likipasuka au nyuzi zikitoka manyoya, muda wake umekwisha.

Kijana alinung'unika. Kamba mpya ingechukua wiki mbili kufika, tena katikati ya msimu, na ada ya mdogo wake ilitegemea kazi hiyo. Mama alitoa nusu ya bei kutoka kwenye fedha za mwani. “Ada tutaomba tulipe kidogo kidogo,” alimwambia. “Shingo yako hatuilipi kidogo kidogo.”

Kisha akataka aoneshwe kifyatuo, kile kifaa cha kumtenganisha mtu na nguvu ya tiara kukiwa na hatari. Kijana alikisukuma. Kiligoma. Mchanga ulikuwa umejaa ndani. Walikiosha kwa maji baridi ya bomba, wakakijaribu huku kamba imevutwa, mpaka kikafunguka kwa mkono mmoja bila kusita.

Mzazi mwenye kijana anayefanya kazi hii anaweza kuuliza maswali manne. Kifyatuo kimejaribiwa leo kabla ya kuingia majini? Kuna fundo lisilo la kiwandani kwenye kamba? Kamba ya katikati ina ganda zima? Vifaa huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kazi?

Jibu la swali moja likiwa baya, tiara ibaki chini siku hiyo. Na kama kinachomsukuma kijana kuingia majini ni ada au deni la nyumbani, hilo nalo lizungumzwe mapema, kabla hajafunga fundo jingine kimyakimya.