Fatuma Yupi?

Katika Eldas, kaunti ya Wajir, ukiita "Fatuma Abdi Hassan" penye kisima, huenda wakageuka wanawake watatu. Msomali huitwa kwa jina lake, la baba, kisha la babu, na majina tunayoyapenda kwa ajili ya dini yetu si mengi. Kisimani jambo hilo ni kichekesho. Wodini, penye damu inayosubiri kutiwa mwilini, ni hatari.

Tangu Karl Landsteiner alipobainisha makundi ya damu mwaka 1901, yajulikana kwamba mwenye kundi O akitiwa damu ya A, mwili wake huishambulia, na figo zaweza kuharibika hata akafa. Wengi hudhani kosa hutokea maabara. Aghalabu hutokea kitandani: damu ya kupimwa hutolewa, kijichupa kikaandikwa jina baadaye mezani; au mfuko hutundikwa kwa mama wa kitanda cha jirani. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa operesheni ya mwenziwe, kwa kuchanganywa utambulisho tu.

Siku hizi zipo bangili zenye alama za kusomwa na kompyuta. Ni nzuri, lakini zataka mashine, umeme usiokatika na fundi. Sisi twaona fedha chache zilizopo zianze kwenye jokofu la damu na dawa za kupimia. Kisha bangili ya plastiki iandikwe kwa kalamu, majina matatu na nambari ya hospitali (tarehe ya kuzaliwa haitoshi, kwani wengi huku wameandikiwa 1 Januari), nao wahudumu wawili waisome kwa sauti kabla ya damu kuanza kuteremka. Sampuli ya pili, kwa asiyewahi kupimwa kundi, yaongeza gharama na kuchomwa tena, twaiunga mkono. Ila mzazi anayevuja damu hasubirishwi: apewe kundi O, hasi likipatikana, huku wakipima.

Nanyi dada zetu, msiitikie mkiulizwa, "Wewe ndiye Fatuma?" Aliyechoka kwa uchungu huitikia lolote. Muuguzi aulize, "Jina lako nani?" na mgonjwa alitaje mwenyewe akiweza, si mume wala wifi. Robo saa ya mwanzo asiachwe peke yake. Akitetemeka, akihema au akilalamikia kiuno, aitwe muuguzi papo hapo aufunge mpira.