Fundi alichelewa, Mwalimu akawahi

MGONGO ndio uliotangulia kulalamika. Fundi, seremala wa Morogoro aliyekuwa na miaka 61, hakuona ajabu. Mtu aliyebeba mbao za mninga begani kwa miaka 40, kiuno kikimuuma atamlaumu nani? Akachuliwa, akapaka mafuta, akameza dawa za maumivu za duka la jirani. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mkewe alipouliza alijibiwa kwamba huo ni uzee tu.

Habari za tezi dume hazikuwa ngeni kwake. Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji Baltimore, Marekani, na wananchi wakaelezwa bila kificho kwamba ilikuwa saratani ya tezi dume, tena iliyogunduliwa mapema. Kwenye karakana ya Fundi habari hiyo ilisikilizwa redioni, kisha vikafuata vicheko kuhusu kipimo cha kidole. Vijana walitaniana mpaka jioni. Hakuna aliyekwenda kupima.

Mwaka 2017 miguu ilianza kufa ganzi, ndipo akapelekwa hospitali. Kipimo cha damu kilirudi na namba ya mamia, wakati mwanaume wa kawaida huwa na namba chini ya nne. Saratani ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Alipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, kupata mionzi ya kupunguza maumivu, akapewa na dawa za kuzima homoni za kiume zinazolisha ugonjwa huo. Zilimwongezea muda, hazikumponya. Alifariki mwaka 2019.

Usiku wa tatu wa msiba, wanaume wakiwa wamezunguka moto nje, kijana mkubwa wa marehemu alimgeukia mdogo wa baba yake. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima humwita hivyo hivyo, Mwalimu.

“Baba mdogo, wewe utapima lini?”

Mwalimu alichokonoa moto kwa kijiti. “Tumalize kwanza msiba,” akasema.

Msiba uliisha, arobaini ikapita, mwaka ukapita. Mwalimu hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa na miaka 57, alilala usiku kucha, alitembea kwa miguu kwenda shuleni. Kijana alipiga simu kutoka Dar es Salaam kila mwisho wa mwezi, na kila mara alimalizia kwa methali ileile: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aliyebadilisha mazungumzo ni binti wa Mwalimu, muuguzi. Yeye hakusema baba apime wala asipime. Alichofanya ni kuandika karatasi moja na kumkabidhi mama yake, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mambo ambayo binti hawezi kumwambia baba yake ana kwa ana.

“Msome wote wawili,” alisema. “Kabla hajatoa damu, siyo baada.”

Waliisoma usiku, mlango umefungwa. Ilieleza kwamba kipimo hicho, PSA, hakipimi saratani. Kinapima protini inayotengenezwa na tezi dume, na protini hiyo hupanda kwa sababu nyingi: tezi kukua kwa umri, maambukizi ya njia ya mkojo, hata tendo la ndoa la siku iliyotangulia. Saratani ni sababu mojawapo. Kwa hiyo namba ikipanda, kinachofuata huwa ni vipimo zaidi, na mara nyingi sindano za kuchukua vinyama vidogo kwenye tezi ili vikaangaliwe kwa hadubini.

Kisha yakaja mahesabu, na hapo Mwalimu akavaa miwani yake. Yalitoka kwa jopo la wataalamu wa kinga la Marekani. Mwaka 2012 jopo hilo liliwashauri wanaume wasio na dalili wasipimwe kabisa. Mwaka 2018 likalegeza kauli: mwenye miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na mwenye 70 na kuendelea asipimwe.

Chukua wanaume 1,000 wa umri huo wa 55 hadi 69, karatasi ilisema, wapimwe mara kwa mara, wafuatiliwe miaka kama 13. Takriban 240 wataambiwa wakati fulani kwamba namba imepanda. Kati yao, 100 watakutwa na saratani kweli. Wengi watatibiwa, na kutokana na matibabu hayo wanaume kama 50 watapoteza nguvu za kiume na 15 watashindwa kuuzuia mkojo. Mwanaume mmoja, au zaidi kidogo, ataepushwa na kifo cha saratani hiyo. Watatu wataepuka kuenea kwake mwilini. Watano watakufa nayo ingawa walipimwa.

“Shule nzima inapangwa mstari ili aokolewe mtoto mmoja,” Mwalimu alisema.

Mkewe alikaa kimya kidogo. “Na kama yule mmoja angekuwa shemeji?”

Hapo ndipo ulipo mvutano mzima, na si wa nyumba moja tu. Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole mno, kiasi kwamba wazee wengi huzikwa nazo wakiwa wameuawa na kitu kingine, hawajui kabisa kama walikuwa nazo. Nyingine hukimbia, kama ya Fundi. Kipimo cha damu peke yake hakiwezi kusema ipi ni ipi. Ndiyo maana nchi yenye hospitali nyingi kama Uingereza haina utaratibu wa kuwaita wanaume wote wakapimwe, kama inavyowaita wanawake kupima matiti.

Lakini chini ya karatasi binti alikuwa amepigia mstari maneno mengine. Mahesabu yale yalitokana hasa na wanaume weupe wa Ulaya na Marekani. Mwanaume mweusi wa Marekani huipata saratani hii zaidi, na uwezekano wa kuuawa nayo ni karibu mara mbili ya ule wa mweupe. Mwenye baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua naye yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Na hapa nyumbani wagonjwa wengi hufika hospitali kama Fundi alivyofika, mifupa ikiwa imeshaliwa. Shule ya Mwalimu, kwa maneno mengine, haikuwa ile ya kwenye hesabu.

Walizungumza wiki mbili. Mwalimu aliuliza kitu kimoja ambacho hakuwahi kukisema mbele ya mtu: ikiwa atatibiwa na ile shughuli ya ndoa ikaisha, itakuwaje? Mkewe alicheka, kisha akalia, kisha akamwambia kwamba amemzika shemeji yake akiwa amebeba kilo zisizofika 40, na kwamba hiyo nyingine wataishi nayo. Asubuhi yake Mwalimu alikwenda kutoa damu.

Namba ilikuwa saba na ushee. Daktari hakukurupuka. Alimpima mkojo kutafuta maambukizi, akampima na kwa kidole, jambo lililochukua muda mfupi kuliko utani wote wa karakana ya Fundi, akamwambia arudi baada ya wiki sita. Namba ikawa ileile. Sindano zikafanyika, na majibu yakaja: saratani ipo, ndogo, ya daraja la chini, haijatoka nje ya tezi.

Daktari aliweka mambo matatu mezani. Upasuaji wa kuitoa tezi. Mionzi. Au kuiangalia kwa karibu: kipimo cha damu kila baada ya miezi sita, sindano tena baada ya muda, na kutibu siku itakapoonyesha dalili ya kuchachamaa. Alimweleza pia juu ya utafiti wa Uingereza uliowafuatilia kwa miaka 15 wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado ndani ya tezi, wamegawanywa katika njia hizo tatu. Katika kila kundi, wanaume kama 97 kati ya 100 hawakuuawa na saratani hiyo. Hata hivyo, waliokuwa wakiangaliwa tu ugonjwa ulienea kwa karibu mara mbili ya waliotibiwa mapema.

Mwalimu alichagua kuiangalia. Kijana wa Fundi alipopata habari alipanda basi siku hiyohiyo.

“Baba mdogo, saratani imo mwilini halafu tukae tu? Unataka tuzike tena?” Sauti ilikuwa ya mtu aliyembeba baba yake mgongoni kumpeleka chooni. “Ufa huo. Tuuzibe.”

Binti alitaka kujibu, mama yake akamzuia kwa macho. Aliyejibu ni mjane wa Fundi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni.

“Baba yako ukuta ulishaanguka tukaita ni mvua,” alisema. “Huyu ameuona ufa, anautazama kila siku, na fundi anamjua alipo. Hayo mambo mawili usiyachanganye.”

Hakuna aliyeongeza neno. Kijana alilala, asubuhi akarudi kazini bila kuridhika.

Miaka imepita. Namba ya Mwalimu hupanda kidogo, hushuka kidogo. Wiki ya kipimo hali vizuri, na mkewe amejifunza kutomuuliza lolote mpaka majibu yatoke. Akikojoa kwa shida kidogo moyo humpasuka. Kuna siku humwambia mkewe kwamba pengine asingepima angekuwa analala vizuri, akafa na miaka 85 bila kujua. Kuna siku hupita kaburini kwa kaka yake na kushukuru kwamba anajua. Yote mawili huyasema kwa dhati, wakati mwingine ndani ya juma moja.

Sikukuu iliyopita kijana alikuja na familia yake. Jioni alimvuta baba yake mdogo kando, akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anakopa hela, “Na mimi je? Mwakani nafikisha 45.”

Ni umri ambao Chama cha Saratani cha Marekani huwashauri wanaume weusi, na wale ambao baba au ndugu yao aliugua kabla ya miaka 65, waanze kuzungumza na daktari kuhusu kipimo hiki. Mwalimu alilijua hilo. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wa binti yake. Aliingia ndani, akatafuta katikati ya madaftari ya zamani, akatoka na ile karatasi iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo.

“Usinisomee hapa,” alimwambia. “Kasome na mkeo. Mkimaliza kubishana, ndipo uende ukatoe damu.”