Mpini Wenye Joto

Mkono ndio mtumishi wa kwanza wa mwanadamu, na aghalabu ndio wa mwisho kushukuriwa. Jicho husifiwa kwa kuona na ulimi kwa kusema. Lakini jembe hushikwa na mkono, shoka hushikwa na mkono, na uchungu wa kazi hubaki kiganjani baada ya sifa kwenda kwingine. Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama chombo kimetengenezwa kwa huruma, asitazame makali yake tu. Na atazame mpini wake.

Fikira hii ilinijia Karatu, mji ulio kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya miteremko ya misitu ya Ngorongoro. Mgeni atokaye pwani hudhani kuwa baridi ni habari ya Ulaya. Na apande huko mwezi wa Julai! Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa kiasi cha nyuzi 6, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro una mita 2,200 na zaidi. Alfajiri ukungu huteremka hata mashamba ya kahawa na ngano. Majani hulowa kama yaliyonyeshewa, na chuma kilicholala nje hakishikwi bila ya kusita. Katika saa hizo wakata miti huamka kwenda kuangusha mikaratusi na migrivelia iliyopandwa na wakulima. Msitu wa hifadhi ulio juu haupaswi kuguswa, maana ndio mlezi wa chemchemi. Mti wa mkulima ndio uendao kuwa mbao, boriti na kuni.

Zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Leo kazi hufanywa kwa msumeno wa mnyororo, ambao watu huuita chenso. Nilikwisha kuona chenso nyingi; lakini kwa fundi mmoja wa mji huo niliona moja iliyotumika, iliyoletwa kutoka Sweden, nayo ilikuwa na swichi ndogo isiyojulikana kazi yake. Mwenyewe alidhani ni ya taa iliyopotea. Fundi aliiwasha injini, akabonyeza swichi, akangoja kidogo, kisha akaniambia, "Mwalimu, hebu shika hapa." Mpini ulikuwa na joto kama kikombe cha chai.

Nilimwomba aifungue, akaifungua. Siri yake si kubwa. Injini ya chenso ni ya mipigo miwili: hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na plagi huiwasha kila pistoni ipandapo. Katika ncha moja ya mhimili wake kuna klachi, ambayo huuacha mnyororo utulie injini ikinguruma polepole, na kuukamata kasi ikizidi. Katika ncha ya pili kuna flaiwili, gurudumu zito lenye sumaku. Sumaku hizo zikipita mbele ya koili huzaa cheche ya plagi. Watengenezaji wa nchi za baridi waliongeza koili nyingine nyuma ya gurudumu hilo hilo. Gurudumu likizunguka, umeme hupita katika waya hadi kwenye swichi, na kutoka hapo hadi katika vipande vyembamba vilivyofichwa ndani ya mpini wa mbele na wa nyuma. Navyo, kwa kuuzuia umeme usipite kwa wepesi, hupata joto kama pasi ya nguo. Hapana betri, injini ikizimika, joto nalo hukoma. Husqvarna huutambulisha msumeno wa namna hii kwa herufi G katika jina lake, na Stihl kwa herufi W.

Waliokuwapo walicheka, wakasema kuwa Wazungu wamedekezwa hata na misumeno yao. Mmoja hakucheka. Alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Aliushika mpini kwa mikono miwili akakawia kuuachia. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, alinieleza kwamba asubuhi za baridi vidole vyake viwili hugeuka rangi ya majivu, vikafa ganzi, asiweze kufunga vifungo vya shati. Jambo hili huwaficha wanaompa kazi, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi.

Maradhi haya yana historia. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliyachunguza kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, huko Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Katika miaka ya 1960 na 1970 yalijulikana sana miongoni mwa wakata miti wa Sweden, Ufini na Japani. Mtikisiko wa mashine huidhuru mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Kisha baridi ikija, mishipa ya damu hujifunga, na kidole hukosa damu. Mtikisiko hupanda mbegu, baridi huvuna.

Basi mpini wenye joto si anasa, walakini si dawa kamili. Humzuia mvunaji, haumzuii mpanzi. Mpanzi huzuiwa kwa mipira na springi zinazotenga mpini na injini, kwa mnyororo ulionolewa vizuri, kwa mapumziko, na kwa mtu kuachishwa kazi hiyo mapema dalili zionekanapo, bila ya kunyimwa riziki. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana halimo katika chombo. Limo katika moyo wa mwajiri.

Kiwanda hupima baridi kwa theluji, na kwa hiyo msumeno uletwao kwetu huja bila koili ile, kana kwamba Afrika yote ni pwani. Lakini kidole hakijui ramani. Hujua ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi. Miongoni mwa wasomaji wa kurasa hizi wamo watakaokuwa mabwana misitu na wanunuzi wa vyombo kwa ajili ya watu wengine. Siku watakapoandika orodha ya misumeno, baada ya kuuliza nguvu ya injini na bei yake, na waulize pia juu ya mpini, kisha waulize ni nani atakayeushika, na kwa saa ngapi.