Taa Nyekundu Mlangoni

Wengi wetu hudhani kuwa usalama wa mahali pa kazi ni mzigo wa mkubwa wa mahali hapo peke yake. Hata mimi, niliyehitimu chuo cha ualimu na kufundisha miaka kadhaa, nilidhani hivyo mpaka mfagiaji mmoja aliponifundisha somo ambalo chuoni sikulipata.

Mvulana wa darasa langu alianguka kutoka mtini karibu na mto Kamukuywa, mkono wake ukapinda vibaya chini ya kiwiko. Tukapanda gari, tukashika barabara ya Kitale mpaka hospitali moja. Daktari alimchunguza, akaagiza apigwe picha ya eksirei. Mtoto akaingizwa chumbani, nami nikaambiwa ningoje nje. Punde taa nyekundu ikawaka juu ya mlango, na papo hapo nikamsikia akilia na kuniita. Uchungu ulinishika, nikainuka, nikakamata kitasa.

"Mwalimu, acha mlango!"

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, ufagio mkononi.

"Mama, huyo ni mtoto wangu," nikamjibu kwa ukali.

"Ni wako, na taa inawaka. Ikizimika utaingia."

Nikaketi, nimekasirika. Taa ilipozimika, mpiga picha alitoka akasikia habari yangu. Hakunicheka. Alisema kuwa mama yule alikuwa ametimiza kazi yake. Ningaliufungua mlango, mtoto angaligeuka kunitazama, picha ingaliharibika, naye angalipigwa mionzi mara ya pili kwa ajili ya haraka yangu.

Ndipo aliponieleza zamu ya kila mmoja. Mionzi haina rangi, harufu wala sauti. Kwa hiyo hulindwa kwa utaratibu. Wakuu wa hospitali ndio wenye leseni, nao hujibu mbele ya mamlaka ya nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Wao hununua vifaa na kuhakikisha kuta za chumba zinazuia mionzi. Afisa wa usalama wa mionzi hukagua mashine, hutunza kumbukumbu na kuwafunza wenzake. Daktari haagizi picha isiyo na haja. Mpiga picha hufunga mlango, hukaa nyuma ya kinga, na hutumia mionzi michache kadiri iwezekanavyo. Kifuani huvaa beji ndogo ya kupima mionzi iliyompata. Tume ya kimataifa ya kujikinga na mionzi imeshauri mfanyakazi asizidi milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Mtu mwingine asizidi 1, bila kuhesabu matibabu yake. Na mfagiaji? Yeye haingii taa ikiwaka, wala hamruhusu mwingine aingie, awe mwalimu au mganga mkuu.

Utaratibu huo ulinunuliwa kwa maisha ya watu. Röntgen aligundua mionzi hiyo mwaka 1895. Clarence Dally, fundi wa Thomas Edison huko Marekani, aliijaribu mara nyingi kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikaungua, ikakatwa, naye akafariki mwaka 1904. Wakati huo hapakuwa na beji ya kumwonya, wala mtu wa kumwambia, "Simama!"

Picha ilionyesha mfupa umevunjika pamoja. Mkono ukafungwa plasta, na baada ya majuma kadhaa mvulana akashika kalamu tena. Kabla hatujaondoka nilimtafuta mama yule, nikamwomba radhi. Akatabasamu, akaendelea kufagia.

Basi, msomaji, huenda kesho ukawa mkuu wa mahali fulani, au ukashika ufagio. Uwapo mkubwa, usimkasirikie mdogo akuzuiaye kwa haki. Na uwapo mdogo, usinyamaze taa inapowaka.