Nilikwenda Meru kufundisha, nikafundishwa zamu ya maji

Leo tuache foleni ya Ubungo na joto la Kinondoni, twende zetu Meru. Beba sweta kabisa, maana mwezi wa saba kule si mchezo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hakuna, nyumbani wananitazama kwa jicho la pembeni. Nikaona bora nikajitolee miezi sita kufundisha hesabu kwenye shule moja ya kijijini, juu ya Tengeru. Washikaji wakanicheka: "Mtoto wa mjini wewe, jembe utaliweza?" Nikawajibu kwa nyodo kwamba siendi kulima, naenda kuelimisha. Kumbe!

Kutoka Arusha mjini hadi Tengeru ni kilometa kama 13 tu kwa barabara ya Moshi. Ukishuka siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, utadhani Kariakoo imehamia pale: ndizi, maparachichi, nyanya, mitumba. Hapo unadaka bodaboda, lami inaisha, migomba inaanza. Chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna maharage. Hakuna kipande cha ardhi kilicholala bure. Mawingu yakikubali kufunguka, Mlima Meru huo hapo, zaidi ya mita 4,500, umekusimamia kama baba mkwe.

Mama mmoja mjane akanipokea kama mwanawe. Wiki ya kwanza nilikoma. Saa kumi na moja alfajiri naamshwa tukakate mabingobingo ya ng'ombe, maana kule ng'ombe anakaa bandani, chakula anapelekewa. Darasani nikiita "Kaaya!" wanasimama watano. Nikiita "Mbise!" wanasimama wanne. Jioni naletewa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Mwenzenu niliyezoea chipsi nilimeza huku nimefumba macho.

Lakini kimbembe chenyewe kilikuwa maji. Pale kijijini mfereji unateremka kutoka mlimani, na kila kaya ina siku yake ya kuufungulia shambani. Ya mama ilikuwa Alhamisi. Jumatano moja mama kaenda gulioni kuuza ndizi, mimi nimebaki nyumbani, jua linawaka, maharage yamenyong'onyea. Nikajisemea, ngoja nimfanyie mama wa watu sapraizi. Nikang'oa mawe na magome ya mgomba yaliyoziba, maji yakamwagika shambani hadi jioni. Nilijiona bingwa.

Jua linazama, akaja jirani wa bondeni na jembe begani. Hakufoka. Aliamkia vizuri, akauliza habari za gulio, ndipo akasema, "Mama, leo ilikuwa siku yangu. Maji sikuyaona." Mama akanigeukia, akanitazama, asiseme neno. Usiku ule tulikula kimya. Msomaji, bora angenitukana.

Jumapili baada ya ibada nikaitwa kikaoni. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, Ngarenanyuki unaifahamu?" Nikamjibu ni kituo cha basi. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Akanisimulia. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ili walowezi wa Kizungu wapate nafasi ya kufuga. Nyumba zilichomwa moto. Wameru wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kelele zake zilisikika Tanganyika nzima.

"Wale walidhani wanajua kulitumia shamba kuliko mwenye shamba," mzee akamalizia. "Hawakuuliza. Na wewe hukuuliza."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi na daftari langu la hesabu, leo nafananishwa na mlowezi!

Hukumu ikatoka: Alhamisi ya mama apewe jirani, na mimi nizibue mfereji na vijana Jumamosi mbili. Malengelenge ya mikono nilistahili. Kilichonichoma ni mama kukosa maji ya wiki nzima kwa ujuaji wangu. Nilipomwomba radhi alijibu, "Shika jembe, mwanangu." Basi.

Nikalishika. Kwenye tope lile ndiko nilikopata washikaji, nikajua nani mkwe wa nani, na kwa nini mtoto fulani anachelewa shule siku ya zamu yao. Hesabu zangu zikaanza kueleweka nilipoacha mifano ya treni na kupiga mahesabu ya saa za maji.

Mwezi wa tano, yule jirani alipata msiba Kikatiti. Kabla ya kuondoka alipitia kwetu, akanipa tochi. "Mwalimu, usiku huu zamu ni yangu. Nishikie." Nilikesha pale mferejini, baridi inang'ata mpaka mifupa, na sikusinzia hata dakika moja. Cheti cha kujitolea nilipewa baadaye, nacho sijui hata nilikiweka wapi. Usiku ule naukumbuka.

Kwa hiyo wewe unayefunga begi kwenda kujitolea kijijini, nenda, ni bomba. Ila ukifika, kabla hujagusa kitu, uliza ni zamu ya nani. Tukutane wiki ijayo!